Kutoka Kupanda na Kushuka hadi Mzunguko: Utendaji wa Krenkishafti ya Injini na Majina ya Sehemu Zake katika Kiswahili cha Karakana

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi krenkishafti ya injini inavyougeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, na yanazichambua sehemu zake kuu pamoja na majina yake katika Kiswahili cha karakana. Mfano unaotumika ni injini ya dizeli ya Toyota ya aina ya 3L, yenye silinda nne, ambayo imefungwa katika magari ya Hilux na Hiace. Hoja inayojengwa ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi vya kuuelezea mtambo huu. Upungufu uko katika kutenganisha majina ya sehemu zinazofanana, na gharama yake hupimika kwa milimita na kwa fedha.

Maneno ya msingi: krenkishafti, shingo, beringi, istilahi za ufundi, Kiswahili cha karakana

1.0 Utangulizi

Fundi anapoilaza injini kichwachini juu ya benchi na kuiondoa sampu, kinachomkabili ni krenkishafti: pande la chuma lenye mikunjo, lililolala kutoka mbele hadi nyuma ya bloku, mahali pengine likiwa jembamba linalong'aa, mahali pengine likiwa nene na jeusi. Vinywani mwa mafundi jina hilo hufupishwa kuwa krenki. Sentensi anayoambiwa mwenye gari baada ya hapo mara nyingi huwa na maneno mawili tu: "Krenki imelika." Mwenye daladala au matatu huelewa papo hapo kwamba gari halitaingia barabarani kwa siku kadhaa. Asichokielewa ni kipi hasa kilicholika, kwani krenki ya injini ya silinda nne ina sehemu tisa zinazoweza kulika kwa viwango tofauti, na dawa ya kila moja ni tofauti. Huenda inahitaji beringi mpya pekee. Huenda inahitaji kusagwa. Huenda haifai tena.

Tatizo hukua gari linapovuka mpaka. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kigali kupitia Kampala, au Dar es Salaam kwenda Bujumbura, hupita katika maeneo ambayo Kiswahili kinaeleweka lakini lugha ya ufundi imerithiwa kutoka sehemu mbili. Upande wa Kenya, Uganda na Tanzania, majina ya vipuri yametoholewa zaidi kutoka Kiingereza: konrodi, beringi, pistoni, gasketi. Upande wa Burundi na mashariki ya Kongo, Kifaransa kimeacha alama yake, na konrodi hujulikana kwa neno lililotokana na bielle, huku beringi ya nusu-duara ikijulikana kwa neno lililotokana na coussinet. Dereva na fundi wanaosalimiana vizuri kwa Kiswahili hulazimika kuoneshana kwa kidole wafikapo ndani ya bloku.

Miongoni mwa istilahi zinazopendekezwa kwa kifaa hiki ni fitokombo, iliyoundwa kwa kuunganisha fito na kombo. Sehemu ya pili ya istilahi hiyo ni chaguo bora, kama itakavyoonekana, kwa kuwa kupinda nje ya mstari ndiyo siri yote ya kifaa chenyewe. Sehemu ya kwanza ina udhaifu. Kwa Mswahili, fito ni vijiti vyembamba vinavyofungwa kwa kamba kwenye nguzo za nyumba ya udongo. Sifa yake ni wepesi na kukubali kupindika. Krenkishafti ni mojawapo ya vitu vizito na vigumu zaidi ndani ya injini, na siku inapopindika ndiyo siku inapotupwa. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia krenkishafti kwa kifaa kizima na kombo kwa ule umbali wa kupinda.

2.0 Kanuni ya kombo

Yeyote aliyewahi kumwona fundi cherehani akifanya kazi ameiona kanuni yenyewe. Mguu hukanyaga ubao juu na chini; haufanyi jambo jingine. Kijiti cha chuma kinachotoka kwenye ubao hupanda na kushikwa kwenye gurudumu, na kwa kuwa kimeshikwa pembeni mwa kitovu wala si kwenye kitovu chenyewe, kila msukumo wa mguu huwa mzunguko wa gurudumu. Kama kingeshikwa kitovuni, mguu ungesukuma hadi jioni bila chochote kuzunguka. Umbali kati ya kitovu na pale kijiti kiliposhikwa ndio kombo. Katika baiskeli, goti na muundi wa mwendeshaji hufanya kazi ya konrodi na mkono wa pedeli hufanya kazi ya kombo.

Wazo hili ni la zamani kuliko injini. Mchoro wa mawe uliopatikana Hierapolis, katika nchi ya sasa ya Uturuki, unaonesha msumeno wa kukatia mawe ulioendeshwa kwa gurudumu la maji kupitia kombo na fimbo katika karne ya 3. Kitabu cha al-Jazari cha mwaka 1206 kinaeleza mtambo wa kuvuta maji unaotumia kombo vilevile. Katika mifano hiyo ya kale, mzunguko ndio uliogeuzwa kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Injini ya mvuke ilihitaji kinyume chake. Mwaka 1780 James Pickard alipewa hataza Uingereza ya kutumia kombo katika injini ya mvuke, na James Watt, ambaye hakutaka kufungwa na hataza ya mtu mwingine, akatumia mfumo wa meno unaozunguka gurudumu jingine kama sayari inavyolizunguka jua. Inafaa kukumbukwa kwamba kitu kinachoonekana katika kila cherehani kiliwahi kugombaniwa kiasi hicho.

Cherehani linafundisha pia udhaifu wa kombo. Fundi anayeanza kushona huupa gurudumu msukumo mdogo wa mkono kwanza. Anafanya hivyo kwa sababu kuna sehemu mbili katika kila mzunguko ambapo kijiti na kitovu hukaa katika mstari mmoja mnyoofu: juu kabisa na chini kabisa. Hapo nguvu yote ya mguu husukuma kitovu moja kwa moja na msokoto huwa sifuri. Gurudumu huvuka sehemu hizo kwa sababu lilikuwa tayari kwenye mwendo na uzito wake hauliruhusu kusimama ghafla. Ndani ya gari, kazi hiyo ya kuvusha hufanywa na flaiwili, lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki, na msukumo wa kwanza wa mkono hutolewa na stata.

3.0 Mfano: injini ya 3L

Injini ya 3L ina silinda nne zilizopangwa kwa mstari. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 96, na safari ya pistoni kutoka juu kabisa hadi chini kabisa nayo ni milimita 96. Ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 2,779. Safari ya pistoni daima ni mara mbili ya kombo. Kwa hiyo kombo ya injini hii ni milimita 48, chini kidogo ya upana wa vidole vitatu. Ndani ya umbali huo mdogo ndimo nguvu yote ya Hiace iliyojaa abiria inamopatikana.

Ukubwa wa nguvu hiyo hudhihirika kwa hesabu rahisi. Uso wa pistoni yenye kipenyo cha milimita 96 una eneo la sentimita za mraba 72 na ushei. Tukichukulia kwamba mgandamizo wa gesi wakati wa mwako unafika baa 70, kiwango cha kawaida kwa injini ya dizeli ya namna hii, pistoni husukumwa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani tano hivi. Uzito wa lori dogo lenye shehena hushushwa kupitia konrodi moja juu ya shingo moja ya chuma. Kwa mwendo wa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 50 kila sekunde, na kwa wastani pistoni husafiri mita 9.6 kwa sekunde huku ikisimama na kugeuka mara 100 katika sekunde hiyohiyo.

Injini hii ni ya mapigo manne: kuvuta hewa, kuigandamiza, mwako na kutoa moshi. Mapigo hayo manne huchukua mizunguko miwili ya krenki, na ndiyo sababu kamshafti, inayofungua na kufunga valvu, huzungushwa kwa nusu ya kasi ya krenki kupitia mkanda wa taimingi. Kombo za silinda ya kwanza na ya nne zimeelekea upande mmoja. Za pili na ya tatu zimeelekea upande wa pili. Pistoni mbili zikiwa juu, mbili huwa chini, na kila nusu ya mzunguko huwa na mwako mmoja. Mpangilio wa mwako wa 1-3-4-2 ndio uliozoeleka katika injini nyingi za silinda nne.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wa ufundi. Kombo inapokuwa imelala ubavu, yaani robo ya mzunguko kutoka juu, pistoni haiko katikati ya safari yake; imekwisha kupita katikati. Hii ni kwa sababu konrodi imeinama, na inapoinama urefu wake wa kwenda juu hupungua. Tofauti hiyo husababisha mtikisiko mdogo unaotokea mara mbili kwa kila mzunguko, ambao uzani wa krenki pekee hauwezi kuuondoa. Abiria aliyekaa kiti cha mbele cha Hiace, juu ya injini, anaufahamu bila kufunzwa.

4.0 Sehemu za krenkishafti na majina yake

Sehemu zinazong'aa huitwa hapa shingo. Jina hilo linafaa kwa sababu shingo ni sehemu nyembamba ya mviringo inayobeba kitu kizito na kugeuka. Ziko za aina mbili. Shingo kuu, ambazo ni tano katika injini inayozungumziwa, zimepangwa katika mstari mmoja mnyoofu wa kitovu na ndizo zinazolala katika bloku. Shingo za konrodi, nne, zimekaa nje ya mstari huo kwa kipimo cha kombo, na kila moja hushika mguu wa konrodi. Sehemu bapa inayounganisha shingo kuu na shingo ya konrodi inaweza kuitwa bega. Upande wa pili wa bega, kinyume na shingo ya konrodi, huwa na kipande kinene cha uzani ambacho huusawazisha uzito wa shingo hiyo na sehemu ya konrodi, kama mchukuzi wa mzega anavyoweka ndoo mbili na si moja. Mbele ya krenki kuna ncha inayobeba puli na gia ya mkanda wa taimingi; nyuma kuna uso wa duara wenye matundu ya bolti za flaiwili. Sili mbili za mpira, moja kila ncha, huzuia oili isivuje.

Beringi zinastahili maelezo marefu zaidi, maana hapa ndipo lugha inapokwama. Katika mazungumzo ya gereji neno beringi hubeba walau vitu vitatu: beringi ya gololi, kama ile ya gurudumu, beringi za shingo kuu, na beringi za shingo za konrodi. Mbili za mwisho hazina gololi. Kila moja ni jozi ya vipande viwili vya nusu-duara, vyembamba, vyenye mgongo wa chuma kigumu na uso wa metali laini, kwa kawaida alumini iliyochanganywa na bati, au shaba iliyochanganywa na risasi. Uso hufanywa laini kwa makusudi. Chembe ya mchanga ikiingia, afadhali izame katika beringi kuliko kuichora shingo, kwa kuwa beringi hununuliwa na kubadilishwa ilhali shingo iliyochorwa hudai mashine.

Lakini shingo haitakiwi kuigusa beringi hata kidogo. Kati yao huachwa nafasi ambayo kwa injini ndogo za magari huwa katika kiwango cha milimita 0.03 hadi 0.06, chini ya unene wa unywele wa kichwani. Pampu huijaza nafasi hiyo oili. Shingo inapozunguka huikokota oili na kuisukuma kwenye upande uliobanwa, na oili hiyo, kwa kukosa pa kukimbilia kwa haraka, huinyanyua shingo. Krenki inayofanya kazi huelea. Ile nguvu ya tani tano inabebwa na utando wa oili. Mwanzo wa mzunguko, kabla utando haujajengeka, ndiyo nyakati za msuguano mkubwa zaidi, na dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu mara tu injini inapowaka asubuhi hulisha beringi kwa shingo.

Oili huja kwa njia maalumu. Kutoka sampu hupita kwenye pampu na kichujio, huingia kwenye mfereji mkuu wa bloku, na kutoka hapo hushuka kwenye kila shingo kuu. Kutoka shingo kuu husafiri kupitia tundu lililotobolewa ndani ya bega hadi shingo ya konrodi. Kipande cha beringi kuu kinachokaa upande wa bloku kina tundu na, katika injini nyingi, mfereji wa kupitisha oili. Kipande kinachokaa kwenye kofia, yaani kile chuma kinachofungwa kwa bolti kuishikilia shingo, mara nyingi hakina. Vikibadilishana mahali, tundu la bloku huzibwa, oili haifiki, na injini iliyofungwa upya kwa gharama kubwa hufa ndani ya dakika chache.

Mafundi huviita vipande hivyo "beringi ya juu" na "beringi ya chini". Majina hayo ni sahihi injini ikiwa ndani ya gari, na ni kinyume kabisa injini ikiwa benchini, kwa sababu pale imelazwa kichwachini. Mwanafunzi anayeambiwa aweke "yenye tundu juu" akiwa ameinamia bloku iliyopinduliwa ana sababu zote za kukosea. Majina beringi ya bloku na beringi ya kofia hayageuki injini inapogeuzwa. Kofia zenyewe nazo hazibadilishani: matundu yake yalichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake, na ndiyo maana hupewa namba na mshale wa kuelekea mbele.

Iko pia beringi ya tatu ambayo husahaulika. Ni vipande vya umbo la mwezi nusu vinavyokaa ubavuni mwa shingo kuu mojawapo kuizuia krenki isisogee mbele na nyuma. Kila dereva akanyagapo klachi, krenki husukumwa kuelekea mbele, na vipande hivi ndivyo vinavyopokea msukumo. Dereva mwenye mazoea ya kuupumzisha mguu juu ya klachi katika foleni huvila polepole bila kujua.

5.0 Kunoki: sauti na kifo

Kitenzi kunoki ni miongoni mwa mikopo iliyostawi zaidi katika Kiswahili cha magari. Asili yake ni kugonga, na kwa maana hiyo injini inayonoki ni inayotoa mlio wa kugonga kwa ndani. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida nchini Tanzania, gari likinoki limekwisha: injini imeharibika, pengine imeshikana na haizunguki. Sababu na matokeo vimeingia ndani ya neno moja. Abiria hana hasara kwa hilo. Mwenye gari anayo, kwa sababu kati ya mlio wa kwanza na kifo cha injini kuna muda ambao beringi peke yake zingeweza kubadilishwa.

Mlio wenyewe husomeka. Beringi ya konrodi iliyolika hutoa mgongo mkavu, wa haraka, unaosikika zaidi dereva anapoongeza na kupunguza mafuta bila mzigo. Beringi kuu iliyolika hutoa mgurumo wa chini, mzito, unaoongezeka injini inapovuta mzigo. Katika injini ya dizeli kama 3L, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine ili silinda hiyo isipate mafuta; silinda ambayo mlio wake hupungua inapofungiwa ndiyo yenye shingo ya kuchunguzwa. Ipo haja ya kuwa na kitenzi kugonga kwa dalili na kunoki kwa ajali, na mafundi wengine tayari husema "inagonga" kwa maana hiyo bila kungoja kikao chochote cha istilahi.

6.0 Kusaga shingo

Shingo iliyolika haiongezewi chuma kwa kawaida, hupunguzwa. Hupimwa kwa maikromita mahali kadhaa, kwa kuwa shingo ya konrodi hailiki kwa usawa na hupoteza mviringo wake. Kisha husagwa kwa mashine hadi ipungue kwa kipimo maalumu, mara nyingi milimita 0.25, na baadaye 0.50 ikihitajika tena, na hununuliwa beringi nene zaidi kwa kiwango hichohicho. Shingo kuu na shingo za konrodi si lazima zisagwe kwa kipimo kimoja. Anayekwenda dukani kuagiza "beringi za 0.25" bila kusema za shingo zipi anaweza kurudi na boksi ambalo nusu yake haifai.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwenye maikromita. Mahali shingo inapokutana na bega hapana kona kali. Pana mviringo mdogo uliochongwa kwa uangalifu. Nguvu zote zinazoipinda krenki hupitia hapo, na mviringo huzisambaza. Msagaji asiyejali, mwenye jiwe la kusagia lenye ncha kali, huacha kona mahali pa mviringo. Shingo hung'aa, kipimo huwa sahihi, injini huwaka vizuri. Lakini kwenye kona hiyo ufa mdogo huanza, huongezeka kidogo kwa kila mzunguko, na baada ya miezi krenki hukatika vipande viwili barabarani. Uso wa chuma kilichokatika hivyo husimulia historia yake: sehemu kubwa huwa laini yenye mistari kama ya ganda la kombe, palipokuwa na ufa uliokuwa ukikua, na sehemu ndogo ya mwisho huwa na chembechembe, palipokatika ghafla. Kwa kawaida lawama humwangukia dereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwa usukani.

Baadhi ya krenki huongezewa ugumu wa juu tu, katika tabaka jembamba, na kusaga kupita kiasi huliondoa tabaka hilo na kuacha chuma laini kinacholika upesi. Kwa hiyo maagizo yanayopelekwa kwa msagaji hayawezi kuwa "saga krenki" tu. Karatasi yenye manufaa, kwa injini iliyotumika hapa kama mfano, ingesomeka hivi: shingo za konrodi nne, zisagwe kwa 0.25, shingo kuu tano, zipimwe na zing'arishwe tu, mviringo wa kona kwenye kila bega ubaki, matundu ya oili yazibuliwe na kusafishwa baada ya kazi.